Historia ya sanaa haiuzimi mkono
Hapa Mombasa, kijana akisema anataka kusoma historia ya sanaa chuo kikuu, huambiwa hayo ni masomo ya wasiojua kuchora: kukariri majina na miaka huku mkono ukipoa. Si kweli. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kina shahada ya miaka 5 inayounganisha historia ya sanaa na kazi ya studio.

Tena vitu hivyo viwili vinahitajiana. Simama mbele ya mlango wa nakshi Mji wa Kale. Aliyesoma vitabu pekee ataona maua na minyororo. Aliyewahi kushika patasi ataona fundi alipofuata nyuzi za mbao na alipochimba kwa kina pale kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Lakini patasi haitamweleza kwa nini nakshi nyingine zina sura ya Kihindi. Hapo lazima aijue biashara ya Bahari ya Hindi.

Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa 1593 hadi 1596, imo michoro ya meli waliyoiacha Wareno ukutani. Mwanafunzi aende na penseli, ainakili mstari kwa mstari, kisha aulize waliichora kwa rangi gani.