Ukila maharage, chai iache kwanza

"Nile nini niongeze damu?" Sisi maafisa lishe hatuna swali tunaloulizwa kama hili, na wengi huja na jibu lao tayari: bitiruti. Kisa ni nyekundu. Sina ugomvi na bitiruti, ila gramu 100 zake hazifikishi hata miligramu 1 ya madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 kwa siku. Na bei yake sokoni mnaijua.

Pesa hiyo ningeipeleka kwenye maharage na dagaa. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea, yaani cha maharage, choroko, kunde, mchicha au matembele, mwili haukipokei kirahisi kama kile cha nyama, maini na samaki. Sehemu kubwa hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Ndiyo maana mtu akiniambia anakula maharage kila siku, namuuliza: unayala na nini?

Mara nyingi jibu ni chai. Majani ya chai yana tanini, ambazo hushikana na chuma tumboni kikashindwa kufyonzwa. Kikombe kimoja cha chai ya rangi kikinywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo ni hivyo hivyo, na kutia maziwa hakusaidii kitu cha maana. Sisemi muache chai. Nani atanisikiliza Njombe wakati wa baridi? Chai ya asubuhi na vitumbua haina neno, kwani hapo hakuna chuma kingi cha kupoteza. Wali maharage wa usiku ndio ushushwe kwa maji, chai isubiri muda wa saa moja au mbili.

Kinachokifungulia njia chuma cha mimea ni vitamini C, na hapa naitetea kachumbari, ambayo wengi huiona pambo la sahani. Nyanya mbichi na ndimu vinafanya kazi kubwa pale. Ndimu ikamuliwe chakula kikiwa kimeshapakuliwa, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Kama hakuna kachumbari, kula pera. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vijijini watoto huyaokota tu chini ya mti. Ukwaju usikudanganye: uchachu wake unatokana na asidi nyingine, vitamini C yake ni kidogo sana.

Dagaa wana faida mbili. Wana chuma chao wenyewe, na ukiwatia kidogo kwenye maharage, hata chuma cha maharage hufyonzwa vizuri zaidi. Nyama hufanya hivyo pia, ila dagaa ndio tunaowamudu. Vichwa mkivitoa kwa ajili ya uchungu, sawa, lakini miili iliwe na mifupa yake, ndimo ilimo kalsiamu. Maharage yenyewe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Hupunguza fitati, ambazo nazo hukizuia chuma, na mkaa hautumiki mwingi.

Sasa tusidanganyane: chakula peke yake hakitoshi kwa kila mtu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo ya safura na hedhi nzito havitibiwi kwa kachumbari, kwa hiyo nenda ukapime. Mjamzito aendelee na vidonge vya kliniki, avimeze kwa maji wala si kwa chai. Mwenye selimundu (sikoseli) asijinunulie vidonge vya chuma dukani kabla daktari hajampima, kwa sababu anaweza kuwa na damu pungufu huku chuma kikiwa kimejaa mwilini, hasa kama ameshaongezewa damu mara nyingi.