Maana ya "tamaa mbele, mauti nyuma"

Methali hii ina maneno manne na haina kitenzi hata kimoja. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huweza kudhani inakataza kutamani. Haikatazi. Mgonjwa anayeambiwa "usikate tamaa" anahimizwa aishikilie tamaa hiyo hiyo, na hakuna anayeona ajabu. Kinacholaumiwa hapa ni nafasi ambayo tamaa imepewa: imewekwa mbele, ndiyo inayoongoza njia. Mwenye kuifuata hukazia macho anachokitaka, asione anapokanyaga wala kinachomnyemelea nyuma.

Mauti nayo si lazima yawe kufa na kuzikwa. Yanaweza kuwa kifungo, aibu mbele ya wakwe, kazi iliyopotea, au shamba lililouzwa likaenda bure.

Watu huchanganya tamaa na jamaa zake. Mchoyo anacho na hataki kukitoa. Bahili hata nafsi yake anainyima. Mlafi mambo yake yako kwenye sahani. Mwenye tamaa ni mwingine kabisa, na pengine ni mkarimu kupindukia; tatizo lake ni kile ambacho bado hajakipata. Ndiyo maana ukimpiga mchoyo kwa methali hii unakuwa umemkosa. Mchoyo ana methali zake.

Katika ngano, mzigo wa tamaa umetwikwa fisi. Anafika njia panda, pua inanasa harufu ya nyama kulia, mara kushoto pia. Miguu ya upande huu anaiweka njia hii, ya upande ule njia ile, anatembea hivyo hivyo huku njia zikizidi kuachana, mpaka anapasuka katikati. Hapo ndipo ilipozaliwa "njia mbili zilimshinda fisi". Hiyo hasa inamfaa mtu aliyeshindwa kuchagua. "Mtaka yote kwa pupa hukosa yote" inamhusu aliyefukuza vingi akarudi mikono mitupu. "Tamaa mbele, mauti nyuma" ni kali kuliko hizo mbili, kwa sababu humo mtu hakosi tu alichokifuata. Anapoteza hata alichokuwa nacho, wakati mwingine na yeye mwenyewe.

Upatu wa piramidi, ambao wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaojiunga baadaye, unaionyesha vizuri. Huwa unalipa kweli mwanzoni. Mtu anaweka kidogo, anapata zaidi, jirani anaona. Kama angetoka hapo, methali isingempata. Lakini faida ya kwanza inamtuma arudishe yote, aongeze na akiba, pengine akope. Tanzania iliyaona hayo kwa DECI, mpango wa upatu wa aina hiyo, ambako kutoa fedha kuliitwa "kupanda mbegu", hadi serikali ilipousimamisha mpango huo mwaka 2009 na watu wakaachwa wakililia mbegu zao. Walikuwemo wenye pupa, na walikuwemo wajane waliotafuta ada ya shule. Kwangu mimi, kuwasomea wote methali moja ni ukatili.

Katika mazungumzo, mara nyingi husemwa nusu tu. Msemaji anasema "tamaa mbele..." kisha ananyamaza, wanaomsikiliza wanamalizia, au wanatikisa vichwa. Ikisemwa kabla ya jambo ni onyo, nayo hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au kwa rafiki aliyezoeana na mwenzake: "Shoga yangu, huyo mwanamume ana mke na watoto. Tamaa mbele, mauti nyuma." Ikisemwa baada ya jambo ni hukumu, na kwa kawaida mwenyewe hayupo. Kijana hamtamkii mzee hivi hivi usoni. Akilazimika, anaanza na "wahenga walisema", ili lawama iwe ya wahenga na yeye awe mjumbe tu.

Kuna matumizi mengine ambayo siyapendi. Mfanyakazi anaomba nyongeza ya mshahara baada ya miaka mingi, anajibiwa "acha tamaa", na methali inafuata. Binti anataka kuendelea na masomo, anaambiwa vivyo hivyo. Mtu anayedai haki yake hajaweka tamaa mbele. Amesimama mlangoni akabisha hodi. Methali ikishikwa na aliyeshiba ili kumnyamazisha mwenye njaa, imetolewa kazini kwake.

Shuleni, hasa Kenya, mwanafunzi hukutana nayo kwenye insha ya methali: atunge kisa cha kuthibitisha ukweli wake. Hapo wengi huteleza. Methali ina pande mbili na kisa lazima kizibebe zote, kwa mpangilio huo huo. Mhusika aibe dawa kwa sababu mtoto anaumwa na hana senti, kisha akamatwe: hilo ni tukio la kusikitisha, lakini tamaa iko wapi? Au awe na pupa mwanzo hadi mwisho na asipatwe na lolote: mauti yameachwa nje ya ukurasa. Kisa kinachofaa ni cha karani mwenye mshahara unaomtosha, aliyeanza kuchota kidogo kwenye hazina ya chama, akaona hakuna aliyegundua, akachota zaidi. Wakaguzi wafike wakati ameshalipa arbuni ya gari. Na msomaji aione siku ambayo karani huyo angeweza kuacha, hakuacha.