Kuongea dini kazini si kosa Uganda

Ile meseji ya "Katiba imekataza kuongea dini kazini, ripoti mwenzako afukuzwe" imerudi tena kwenye magrupu. Jamani, si kweli. Kinachowachanganya watu ni ibara ya 7 ya Katiba ya 1995, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, hapo inaongelewa serikali, sio yule dada wa kaunta anayekukaribisha maombi ya saa ya lanchi. Fungua mwenyewe ibara ya 29, uhuru wa dini upo, na Sheria ya Ajira ya 2006 haikubali mtu afukuzwe sababu ya dini yake. Ukichoka kukaribishwa mwambie tu, "asante dada, mimi naswali msikitini". Tafadhali msiiforwadi, mtu ataogopa hata kuswali adhuhuri.