Handaki la upepo ni nini, na mtafiti wa ndege hulitumiaje

Ukitaka kujua bawa litabeba uzito kiasi gani, jibu la haraka ni kulifunga kwenye ndege uruke nalo. Njia hiyo ipo na bado inatumika, lakini ni ghali, ina hatari, na angani mambo yote hubadilika kwa wakati mmoja: upepo, joto, uzito wa mafuta, mkono wa rubani. Ndege ikitetemeka, si rahisi kusema kwa hakika ni kipi kimeitetemesha. Mtafiti anataka kubadilisha jambo moja tu na kuyazuia mengine yote yasisogee. Hapo ndipo handaki la upepo linapoingia.

Handaki la upepo ni njia iliyofunikwa, mfano wa bomba kubwa, ambamo feni huvuta au husukuma hewa ipite kwenye modeli iliyofungwa mahali pamoja. Modeli haiendi popote, hewa ndiyo inayokwenda. Kwa bawa hakuna tofauti, kwa sababu nguvu zinazoliinua na kulivuta nyuma hutokana na mwendo uliopo kati yake na hewa. Bawa likipita kwenye hewa iliyotulia kwa mita 40 kwa sekunde, au hewa ikipita kwenye bawa lililotulia kwa kasi hiyohiyo, nguvu ni zilezile.

Vyuo vya uhandisi wa ndege huwa na handaki la namna hii, hata kama ni dogo la kutosha kuwekwa juu ya meza. Sehemu zake hazitofautiani sana. Hewa huingia kwenye chumba kipana cha kuituliza, ikapita katika matundu membamba yaliyopangwa kama sega la nyuki na nyavu za waya laini, ili misukosuko na mizunguko ipungue. Kisha njia hubanwa. Ikiwa mdomo mpana una ukubwa mara 9 ya sehemu nyembamba, hewa iliyoingia kwa mita 5 kwa sekunde itapita kwenye modeli kwa mita 45 kwa sekunde, kwa kuwa hewa ile ile lazima ipenye kwenye nafasi ndogo zaidi. Baada ya hapo njia hupanuka polepole ili kasi ishuke bila nguvu nyingi kupotea. Nguvu ni suala zito hapa: kuongeza kasi maradufu katika handaki lilelile kunadai karibu mara 8 ya nguvu ya mota. Ndiyo sababu mahandaki mengi ya vyuo ni ya kasi ya wastani.

Modeli hukaa juu ya mizani. Mizani hii hupima mambo kadhaa kwa pamoja: nguvu inayoinua, nguvu inayovuta nyuma (ukinzani wa hewa), na nguvu zinazotaka kuipindua modeli pua juu au pua chini. Chukua bawa la modeli lenye eneo la mita 0.1 za mraba, katika upepo wa mita 50 kwa sekunde, likiwa na kizio cha kuinua (namba inayoonyesha umbo la bawa linavyoinua vizuri) cha 0.5. Mizani itasoma takriban nyutoni 77, sawa na uzito wa karibu kilo 8. Kile kizio ndicho mtafiti anachokitafuta. Nyutoni 77 ni za modeli ile, siku ile, kasi ile. Kizio kinaweza kuhamishiwa kwenye bawa lenye umbo hilohilo na ukubwa mwingine, kwa sharti moja gumu nitakalolieleza baadaye.

Kabla ya mahandaki, watafiti walifunga modeli kwenye ncha ya mkono mrefu na kuuzungusha. Benjamin Robins, John Smeaton na George Cayley wote wa Uingereza walitumia chombo hicho katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Kasoro yake ni kwamba baada ya mizunguko michache hewa ya chumbani nayo huanza kuzunguka, na modeli ikawa inapita kwenye hewa iliyokwisha kuvurugwa na modeli yenyewe. Mwaka 1871 Francis Wenham, wa chama cha watafiti wa urukaji cha Uingereza, alijenga handaki la kwanza huko Greenwich: sanduku la urefu wa takriban mita 3.7, lenye feni iliyoendeshwa na injini ya mvuke.

Mfano ninaouona bora kuliko yote, kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa utafiti wa kihandisi ni nini hasa, ni wa ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, mwaka 1901. Ndege yao isiyo na injini ya mwaka ule haikuinuka kama hesabu zilivyoahidi. Hesabu hizo zilitegemea namba ya zamani iliyohusishwa na Smeaton, 0.005, inayosema upepo husukuma kibamba bapa kwa nguvu kiasi gani, ambayo wahandisi waliipokea kwa zaidi ya karne moja. Ndugu hao walijenga sanduku la mbao la urefu wa mita 1.8 na upana wa ndani wa sentimita 40 hivi, lenye kioo juu cha kuchungulia, wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200, madogo ya kushikika kiganjani.

Kilicho kizuri kwao ni mizani. Waliitengeneza kwa vipande vya misumeno ya chuma na waya za spoku za baiskeli. Badala ya kupima uzito wa kuinua peke yake, waliipanga ili nguvu ya kuinua ya bawa ishindane na nguvu ya upepo unaosukuma vibamba bapa vidogo vilivyosimama kwenye upepo uleule. Upepo ukizidi kidogo au ukipungua, pande zote mbili huathirika sawasawa, na pembe inayosomwa kwenye mizani haibadiliki. Kwa hiyo hawakuhitaji kujua kasi kamili ya upepo, wala hawakuitegemea ile namba ya Smeaton waliyoitilia shaka. Waliiondoa kwenye kipimo chenyewe. Hata chumbani walijihadhari: kitu kikubwa hakikuhamishwa wakati wa kupima, maana kingebadilisha njia ya hewa.

Kutokana na vipimo vya ndege yao yenyewe isiyo na injini, walikadiria kwamba namba ile ilipaswa kuwa karibu 0.0033, yaani hesabu za awali ziliahidi nguvu kubwa mno. Na kwenye handaki waliona kwamba bawa refu na jembamba huinua vizuri zaidi kuliko bawa fupi na pana. Bawa lao la 1901 lilikuwa na urefu wa mita 6.7 na upana wa mita 2.1, la 1902 likawa mita 9.8 kwa 1.5. Desemba 17, 1903 wakaruka kwa injini.

Sasa lile sharti gumu. Modeli ndogo haiishi katika hewa ileile ya ndege kubwa, hata kama hewa ni hiyohiyo. Hewa ina mnato, yaani hung'ang'ania kidogo uso inaoupitia, na pia ina uzito unaoifanya itake kuendelea na mwendo wake. Uwiano wa mambo haya mawili ndio unaoamua kama mkondo utapita kwa utulivu au kwa msukosuko. Osborne Reynolds wa Manchester alionyesha hilo mwaka 1883 kwa kupitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo: kasi ikiwa ndogo, rangi ilinyooka kama mstari, kasi ikipita kiwango fulani, ilitawanyika ghafla ikalijaza bomba. Uwiano huo leo huitwa namba ya Reynolds. Hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa urefu wa kitu na kwa densiti ya hewa (uzito wake katika ujazo fulani), kisha kugawanya kwa mnato.

Weka tarakimu uone ugumu wake. Ndege ndogo yenye bawa la upana wa mita 1.5 ikienda mita 55 kwa sekunde, namba yake ya Reynolds ni kama milioni 5.5. Modeli yake iliyopunguzwa mara 10, upana sentimita 15, katika handaki la mita 40 kwa sekunde, inapata kama 400,000 tu. Kuifikisha kwenye milioni 5.5 kungehitaji upepo wa mita 550 kwa sekunde, kasi inayoipita ile ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Hapo hewa hubanwa na kutoa mawimbi ya mshtuko, na jaribio linakuwa la jambo lingine kabisa.

Njia ya kutoka ilikuwa kubadilisha hewa badala ya kasi. Max Munk alibuni handaki lililojengwa Langley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndani ya tangi la chuma lililoweza kushindiliwa hewa hadi mara 20 ya mgandamizo wa kawaida. Densiti ikipanda mara 20, namba ya Reynolds nayo hupanda mara 20. Mahandaki makubwa ya leo, kama lile la Ulaya lililoko Köln, Ujerumani, hutumia naitrojeni iliyopoozwa hadi takriban nyuzi 160 chini ya sifuri, kwa kuwa gesi baridi ina densiti kubwa na mnato mdogo.

Kupuuza jambo hili kuliwahi kuwagonganisha watu wawili wakubwa. Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, alikuwa na handaki lake, na vipimo vyake vya ukinzani kwenye tufe vilitofautiana kwa zaidi ya mara mbili na vile vya Göttingen, Ujerumani, alikokuwa mtafiti Ludwig Prandtl. Hakuna aliyekosea kupima. Mwaka 1912 Eiffel alionyesha kwamba kasi ikivuka kiwango fulani, kizio cha ukinzani cha tufe hushuka ghafla. Mwaka 1914 Prandtl alizungushia tufe pete ya waya mwembamba, na ukinzani ukapungua. Waya uliuvuruga ule utando mwembamba wa hewa unaogusa uso; utando uliovurugika hung'ang'ania tufe kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nalo, na nafasi ya hewa inayozubaa nyuma yake huwa ndogo. Nilipenda jaribio hili tangu nililisoma kwa mara ya kwanza, kwa sababu waya mmoja ulimaliza ubishi ambao maneno yasingeumaliza. Mpaka leo, wanafunzi hubandika ukanda wa chembe kama za msasa karibu na ukingo wa mbele wa bawa la modeli kwa kazi hiyohiyo: kuulazimisha utando uvurugike pale ambapo ungevurugika kwenye ndege kamili.

Kwa hiyo ripoti nzuri ya chuo haianzi na mchoro wa nguvu ya kuinua. Inaanza na handaki lenyewe: upepo wake una msukosuko kiasi gani kabla modeli haijawekwa, kuta zinaubana mkondo kiasi gani, nguzo inayoshika modeli inachangia ukinzani kiasi gani. Nguzo hupimwa peke yake, kisha kiasi chake kinatolewa. Modeli ikiziba sehemu kubwa ya njia, hewa hulazimika kukimbia zaidi pembeni mwake na vipimo vyote hupanda kwa uongo. Wengi hujaribu kutovuka asilimia 5 hivi ya eneo la njia, na hata hapo hufanya masahihisho.

Kompyuta sasa hukokotoa mikondo ya hewa kwa namna ambayo Prandtl asingeiota, na zimeokoa majaribio mengi. Lakini msukosuko bado hukadiriwa kwa fomula ambazo wahandisi wamezirekebisha kwa kuzilinganisha na vipimo, na sehemu inayosumbua zaidi ni ileile inayomhusu abiria: pale bawa linapoinuliwa pembe kubwa mno, hewa ikaachana nalo na nguvu ya kuinua ikaporomoka. Hapo programu mbili zinaweza kutoa majibu mawili tofauti, na chuo chenye handaki kinaweza kuwasha feni, kuinua pembe digrii moja baada ya nyingine, na kutazama nyuzi za pamba zilizobandikwa juu ya bawa: zile zilizolala kufuata upepo, na zile zilizoanza kugeuka na kuelekea mbele.