Kuandika jina na barua pepe katika Git si kufungua akaunti

Wengi wanaoanza kutumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili iliyotolewa mwaka 2005, huamini kwamba kujaza jina na barua pepe wakati wa kuisanidi ni kuingia katika akaunti ya mtandaoni. Dhana hiyo inaeleweka, kwani tovuti nyingi huomba taarifa hizo hizo.

Git haizihakiki wala haizitumi popote wakati huo. Ukitumia chaguo la --global (linalohusu miradi yako yote) katika amri ya git config, huziandika katika faili la kawaida liitwalo .gitconfig, kisha huzinakili kwenye kila badiliko unalohifadhi katika historia (commit), kama jina linavyoandikwa juu ya daftari. Ndiyo maana kubadilisha barua pepe leo hakurekebishi kumbukumbu za jana, jambo ambalo ni vyema kulijua mapema. Nywila na funguo za seva ni suala jingine kabisa.

Ili kujihakikishia, zima intaneti, kisha andika kwenye dirisha la amri (terminal) git config --list --show-origin, nawe utaona kila mpangilio na faili ulikotoka. Hifadhi badiliko moja, utazame historia kwa amri ya git log: jina lako litakuwapo.