Protini-G haisubiri kipokezi siku zote

Dhana: Bila kipokezi, protini-G hulala tu.

Alfred Gilman na Martin Rodbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 kwa kugundua protini-G, swichi za ndani ya seli zinazopitisha ujumbe uliopokelewa na kipokezi, yaani protini ya kwenye utando wa seli inayonasa ujumbe wa nje. Picha tuliyoizoea tangu hapo ni hii: homoni inashika kipokezi, kipokezi kinaifanya protini-G iachie GDP (molekuli inayoishika ikiwa imezimwa) na kuchukua GTP (inayoiwasha), ujumbe unaenda. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili sisi wa Kigoma tumeiona kwa uchungu.

Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi waliporundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliwapata maelfu ya watu. Sumu ya bakteria huyu ikishaingia ndani ya seli ya utumbo haihitaji kipokezi chochote cha homoni. Inaifuata Gs-alfa yenyewe, sehemu ya protini-G iitwayo Gs, na kubandika kipande cha ADP-ribosi juu ya arginini ya 201, asidi amino ambayo protini hiyo huitegemea kuvunja GTP yake. GTP isipovunjika, protini haizimiki. AMP ya mzunguko, molekuli inayosambaza ujumbe ndani ya seli, inafurika, milango ya kloraidi inabaki wazi, na maji yanaifuata chumvi kwenda nje. Arginini hiyohiyo ikibadilika kwa hitilafu ya jeni kwenye tezi ya pituitari, huweza kuota uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji bila kuagizwa na yeyote.

Dhana: Kipindupindu hula utumbo, basi mgonjwa asinywe kitu.

Dhana hii inaua, tuikatae kwa sauti. Ukuta wa utumbo unabaki mzima, na njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi haiguswi na sumu. Sukari iliyomo kwenye ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, kazi yake kubwa ni kuvuta sodiamu iingie, maji yaifuate. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo hata akitapika, huku mkimwahisha kituo cha afya.

Dhana: Kuongoza protini-G bila kipokezi ni mambo ya sumu na maradhi.

Seli nzima kabisa hufanya hivyo. Inapogawanyika, Gi-alfa (sehemu ya protini-G nyingine, Gi) iliyoshika GDP, ile tunayofundishwa kwamba "imezimwa", huishikilia protini iitwayo LGN chini ya utando. LGN hushika protini nyingine, NuMA, na NuMA huleta daineini, protini-mota ambayo huvuta nyuzi za mgawanyiko zielekee upande unaotakiwa. Protini hiyo "iliyozimwa" iko kazini. Nayo protini iitwayo Girdini, kutoka ndani ya seli, huweza kuichochea Gi ibadilishe GDP kwa GTP.

Dhana: Ikishawaka, seli husubiri tu izime yenyewe.

Protini za RGS huharakisha uvunjaji wa GTP, kwa baadhi ya protini-G zaidi ya mara 1,000. Katika jicho kazi hiyo ni ya RGS9. Aliyezaliwa na hitilafu kwenye RGS9 akitoka kivulini kuingia kwenye jua la mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, macho yake huchelewa kuuzoea mwanga.