Dawa inaua bakteria kwa kasi gani?

Majibu mengi ya maabara kuhusu antibiotiki hujibu swali moja: bakteria hawa wanasikia dawa au hawasikii? Tunatafuta kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachowazuia kukua, tunakisoma mara moja kesho yake, basi. Kama wamekufa au wamezuiwa tu, hapo huoni. Dawa mbili zinaweza kuzuia kwa kiwango kilekile, moja ikaua upesi, nyingine ikawashikilia tu.

Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu kwa saa. Tunaanza na bakteria wapatao 500,000 kwa mililita kwenye kimiminika cha kuoteshea, tyubu moja ikiwa na dawa, nyingine haina. Mwanzoni kabisa, kisha baada ya saa 2, 4, 6 na 24, tunachota kidogo, tunazimua mara 10, mara 100, mara 1,000, tunapaka kwenye sahani za agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, na kuziweka kwenye inkubeta, kabati lenye joto la kuwakuzia. Idadi ya koloni, yaani vidoa vinavyoota kila kimoja kutokana na bakteria aliye hai, ikionyesha kwamba waliokuwa hai wamepungua mara 1,000 ndani ya saa 24, yaani 99.9% wamekufa, dawa hiyo tunasema inaua.

Kwenye kuzimua ndipo pa kuwa macho. Tone ulilochota limebeba na dawa, na dawa hiyo inaendelea na kazi juu ya agari. Utaona sahani isiyozimuliwa iko tupu, iliyozimuliwa mara 100 ina koloni 40! Anayesoma ile ya kwanza peke yake ataandika kwamba wote wamekufa. Dawa ya namna hiyo lazima iondolewe kwanza: zungusha sampuli kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji ili bakteria watuame chini, mwaga maji ya juu, osha, ndipo upake.

Grafu ikishachorwa, mimi hutazama mkia. Idadi huporomoka saa za mwanzo, kisha mara nyingi mteremko hulala. Mtaalamu wa bakteria Joseph Bigger alieleza mwaka 1944 juu ya stafilokokasi (aina ya bakteria) wachache wanaobaki hai ndani ya penisilini, ilhali wazao wao wanaisikia kama kawaida. Hao si sugu. Ni wagumu kufa, na kipimo cha kuzuia ukuaji hakiwaoni.

Kwa kifua kikuu, hesabu kama hii ilifanywa Nairobi kwenye makohozi ya wagonjwa wenyewe. Mtafiti Amina Jindani na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1980. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, ilishinda dawa zote kwa kuua siku 2 za mwanzo. Kisha kasi ikapungua, na ni kwa ajili ya bakteria wa mkia huo, wanaokua polepole, ndiyo matibabu ya kawaida yakawa ya miezi 6.